Je, Yampasa Mwenye Kuuza Nyumba Aichunguze Kwanza?

Tumweke mbele ya macho yetu mtu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi. Hatumtaji jina, maana si mmoja tu, ni wengi. Ni Mkristo mwema, ndoa yake imefungwa kanisani, naye hupokea Komunyo. Ana nyumba ya vyumba vitatu katika lupangu lake. Chumba cha tatu alikijenga mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, juu ya shimo la choo cha zamani lililofukiwa kwa udongo na takataka. Tangu hapo kila wakati wa mvua ufa huonekana pembeni mwa ukuta, na kila mwaka, mwezi wa Agosti, yeye huuziba kwa saruji na kupaka chokaa juu yake.

Sasa anataka kuuza. Mke wake anamwambia: "Baba watoto, tumwite kwanza fundi aiangalie nyumba." Naye anajibu: "Ya nini? Fundi akija ataona mambo. Akiyaona, atanionyesha nami nitayajua. Nikiyajua, itanibidi kuyasema. Heri nisijue kitu, niuze kwa moyo mweupe."

Je, moyo huo ni mweupe kweli? Hilo ndilo swali letu la leo. Wengi watacheka na kusema kwamba hilo ni jambo la mafundi na la makomisyonere, si la dini. Lakini fikirini kidogo. Mtu maskini hununua nyumba mara moja tu katika maisha yake. Mama auzaye unga katika soko la Kenya huweka akiba miaka kumi na mitano, hujinyima nguo, huacha kula nyama, mpaka apate pahali pa kulaza watoto wake. Siku ile anapotoa fedha zake, ametoa miaka yake kumi na mitano. Akipewa ukuta uliooza, ameibiwa miaka hiyo, wala hakuna polisi atakayeirudisha. Basi jambo hili linahusu Amri ya saba, na pengine hata Amri ya tano.

Swali la zamani sana

Msidhani kwamba swali hili limezaliwa jana. Mwaka 44 kabla ya Kristu, Mroma mmoja, jina lake Cicero, aliandika kitabu kwa ajili ya mwana wake juu ya wajibu wa binadamu. Hakuwa Mkristo; Bwana wetu alikuwa hajazaliwa bado. Lakini akili aliyopewa na Mungu ilimwonyesha neno hili. Asema: Mtu mwema anauza nyumba kwa sababu ya ubaya fulani anaoujua yeye peke yake. Watu wote wadhani nyumba ni nzima na yenye afya, kumbe miti yake ni mibovu, yataka kuanguka, na nyoka huonekana vyumbani. Asiposema, akauza kwa bei kubwa, je, ametenda haki?

Cicero ataja walimu wawili waliobishana. Wa kwanza, Diogenes, alisema: "Kunyamaza si kudanganya. Nani aliyemlazimisha mtu anunue? Muuzaji hakuisifu nyumba. Aliiweka tu mbele ya watu." Wa pili, Antipater, alijibu kwamba kumwacha mnunuzi aingie katika hasara huku unaiona ni kama kumwona mtu aliyepotea, ukakataa kumwonyesha njia. Kule Athene watu wa namna hiyo walilaaniwa mbele ya watu wote. Cicero mwenyewe akakata shauri: haifai kuficha.

Tena atoa habari ya kesi ya kweli. Mtu mmoja, Claudius Centumalus, alikuwa na nyumba Roma juu ya kilima cha Caelius. Wakubwa wa dini ya kipagani wakamwamuru abomoe sehemu zilizozuia kazi yao, maana walitazama ndege angani. Yeye akanyamaza, akaiuza haraka kwa Calpurnius Lanarius. Huyu akaamriwa vilevile abomoe. Akabomoa, kisha akajua kwamba muuzaji aliiuza baada ya kupewa amri. Akaenda kwa hakimu. Hakimu Cato akasema: Muuzaji alijua akanyamaza, basi alipe hasara ya mnunuzi.

Sisi watu wa Lubumbashi tusishangae. Je, hatujaona nyumba iliyopigwa alama ya rangi nyekundu ukutani kwamba itabomolewa, na mwenyewe akaipaka chokaa usiku, akamtafuta mnunuzi asubuhi?

Jibu la Mtakatifu Tomaso

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Eklezia, alilipima swali hili katika karne ya kumi na tatu, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia. Hakutoa jibu la ukali tu, alitenganisha mambo vizuri.

Kwanza, asema, kumletea mwenzio hasara au hatari kwa siri ni dhambi. Ataja mifano: kuuza farasi kiwete kama mwenye mbio, kuuza chakula chenye sumu kama kizuri, na kuuza nyumba iliyo karibu kuanguka kama nyumba imara. Ona, nyumba yetu ya Katuba imo katika mifano ya Mtakatifu Tomaso! Kasoro kama hiyo, ikiwa imefichika, muuzaji alazimika kuisema.

Pili, kama kasoro yaonekana na kila mtu mwenye macho, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi amepunguza bei ipasavyo. Kioo cha dirisha kilichopasuka, mlango usiofungika, ua ulioanguka: mnunuzi ameviona mwenyewe.

Tatu, na hapa ndipo pana faraja kwa muuzaji, hapaswi kuita mpiga mbiu atangaze sokoni ubaya wa mali yake. Watu wakisikia kasoro tu, watakimbia wala hawataangalia mema yaliyomo. Amwambie yule mmoja anayekuja kununua, ili apime mema na mabaya pamoja. Nyumba yaweza kuwa na kasoro moja na faida nyingi: iko karibu na shule, maji yapatikana, majirani ni watu wa amani. Eklezia haikuambii: "Itukane nyumba yako." Yakuambia tu: "Usimfiche ndugu yako kitu kitakachomwumiza."

Kutaka kutojua

Lakini rafiki yetu wa Katuba amepata ujanja mwingine. Hasemi: "Nitaficha ninachojua." Asema: "Sitaki kujua, ili nisiwe na kitu cha kuficha." Hapa ndipo tunapofika katika kiini cha jambo.

Ni kweli kwamba asiyejua kwa kweli hana dhambi. Mtakatifu Tomaso mwenyewe asema hivyo juu ya muuzaji asiyejua kasoro ya mali yake. Lakini aongeza neno ambalo wengi hulisahau: siku atakapojua, alazimika kulipa tofauti. Kutojua kumemwondolea dhambi, hakukumpa haki ya kukaa na fedha zisizo zake.

Tena kuna kutojua kwa namna mbili. Kuna mtu asiyejua kwa kuwa hakuna njia ya kujua. Na kuna mtu asiyejua kwa kuwa amefumba macho. Walimu wa Eklezia husema kwamba kutojua kwa kusudi, kule ambako mtu anakutafuta ili atende apendavyo bila kusumbuliwa na dhamiri, hakuondoi kosa. Kwaonyesha kwamba anapenda kosa lenyewe kuliko ukweli. Hebu tumwulize mtu wetu: Kwa nini hutaki fundi aje? Kama unaamini kweli kwamba nyumba ni nzima, fundi atakuumiza nini? Unamwogopa kwa sababu moyoni mwako umekwisha kujua. Kila Agosti mkono wako umeshika saruji na chokaa. Mkono ulijua kabla ya mdomo.

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya mtu anayeziba ufa ili nyumba isimame. Anayeziba ufa ili mnunuzi asiuone, huyo haijengi nyumba yake, anachimba shimo la mwenziwe.

Katika Maandiko Matakatifu kuna mfano ulio wazi. Someni Kitabu cha Walawi, sura ya 14. Waisraeli walikuwa na sheria juu ya nyumba iliyoshikwa na ubovu ukutani, madoa ya rangi ya kijani au nyekundu yaliyoingia ndani ya ukuta. Nani aliyeanza kesi? Mwenye nyumba mwenyewe. Yeye ndiye aliyekwenda kwa kuhani kumwarifu kwamba ameona kitu kama ugonjwa nyumbani mwake. Kuhani aliamuru kwanza vyombo vyote vitolewe nje, visije vikahesabiwa najisi, ndipo akaingia kutazama. Akiona madoa, aliifunga nyumba siku saba. Akirudi akakuta yameenea, mawe mabaya yaling'olewa yakatupwa nje ya mji, ukuta ukakwanguliwa, ukajengwa na kupakwa upya. Ubovu ukirudi tena, nyumba ilivunjwa.

Tazameni hekima ya sheria hii. Kwanza, mwenyewe ndiye anayesema, hangoji jirani amshtaki. Pili, anayesema anahurumiwa: anapewa nafasi ya kutoa vyombo vyake. Tatu, si kila doa huivunja nyumba. Mara nyingi mawe machache tu hubadilishwa. Mwenye kuogopa uchunguzi hudhani daima kwamba atapoteza vyote. Mara nyingi angepoteza mawe machache.

Mambo ya kuchunguza hapa kwetu

Sasa tuseme wazi nini kinachopaswa kuchunguzwa kabla ya kuuza. Kila mji una ubovu wake, na mji wetu, uliozaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, una wake.

Ya kwanza ni ardhi na msingi. Katika lupangu za zamani mashimo ya choo yamechimbwa na kufukiwa mara nyingi, watoto wanajenga pale baba alipofukia. Na huko Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014 watu walipogundua kobalti chini ya nyumba zao, mashimo yamechimbwa hata ndani ya vyumba, na njia zikapita chini ya nyumba za majirani. Mtu akiweka udongo mwepesi mdomoni mwa shimo kama hilo, akamwaga saruji juu yake na kuuza, ameuza kaburi.

Ya pili ni kuta. Matofali mengi kwetu yanafinyangwa kwa udongo wa vichuguu vikubwa vilivyojaa kandokando ya mji. Ni udongo mzuri. Tofali likichomwa vema huwa gumu. Lakini tofali bichi, au lililochomwa nusu, likifunikwa kwa saruji, hufanana na tofali zuri kama pacha. Maji ndiyo yanayoyatenganisha.

Ya tatu ni paa. Fundi mwenye akili hatazami mabati tu, hupanda juu na kuchoma mbao kwa msumari. Msumari ukiingia bila kazi, mchwa wamekwisha kula ndani wakaacha ganda la nje. Angalisho hili lahusu hasa nyumba za zamani, kama zile zilizojengwa na Office des Cités Africaines kule Ruashi katika miaka ya 1950. Na tukumbuke majira: kuanzia Mei mpaka Septemba mvua hainyeshi, kila paa ni zuri. Anayeonyesha nyumba mwezi wa Julai anaonyesha nusu ya nyumba. Nusu nyingine itaonekana Novemba, na mwenye kuijua ni yeye peke yake.

Ya nne ni maji na umeme: kisima kilicho karibu mno na choo, waya zilizoungwa ovyo, deni la zamani la SNEL au REGIDESO ambalo mnunuzi atadaiwa.

Ya tano ni makaratasi, nayo pengine ni mazito kuliko yote. Nyumba yaweza kuwa na kuta imara na hati zilizopasuka. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki juu yake. Ushuhuda wa haki hiyo ni cheti kiitwacho certificat d'enregistrement. Lakini watu wengi wa mitaa yetu wana livret de logeur tu, au karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi. Si dhambi kuuza ukiwa na karatasi ndogo; ni dhambi kuiita kubwa. Tena nyumba ya marehemu baba si ya mtoto mkubwa peke yake. Wako ndugu wengine, yuko mama mjane, ambaye hata sheria ya jamaa ya mwaka 1987 yamlinda asiondolewe ovyo. Mtoto mmoja akiuza kwa siri, anamwuzia mnunuzi kesi, wala si nyumba.

Basi kabla ya kuuza, mwite fundi asiye ndugu yako, umwambie: "Tazama kama kwamba wewe ndiwe unayenunua." Nenda ofisini kwa mkubwa wa hati, uulize lupangu lako limeandikwaje. Kusanya jamaa, uwaulize kama wote wamekubali. Uchunguzi huo utagharimu fedha kidogo na siku chache. Kwa njia hiyo utatengeneza kinachotengenezeka, na kisichotengenezeka utakisema.

Visingizio

Wengine watasema: "Mnunuzi naye ana macho, aje na fundi wake." Ni kweli, mnunuzi mwenye busara aje na fundi. Lakini uvivu wa mnunuzi haukupi wewe ruhusa. Hata sheria ya nchi, katika dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mapatano, yamlazimisha muuzaji kujibu juu ya kasoro zilizofichika, na kama alizijua, alipe na hasara pia. Kama sheria ya serikali yadai hivyo, je, Mkristo atadai kidogo zaidi?

Wengine: "Si mimi niliyesema uongo, ni komisyonere." Lakini nani aliyemtuma? Mdomo wa komisyonere ni mdomo wako, maana fedha zaingia mfukoni mwako. Ukimsikia akiapa kwamba nyumba haivuji, nawe wanyamaza, umeapa naye.

Wengine: "Kila mtu afanya hivyo, nikisema kweli nitauza kwa bei ya chini kuliko jirani." Yawezekana. Haki mara nyingine ina bei, wala hatutaki kuwadanganya kwamba mwema hapati hasara kamwe. Lakini hasara hiyo yatoka wapi? Ile bei ya juu haikuwa yako. Ilikuwa bei ya nyumba nzima, nawe huna nyumba nzima. Hukupoteza kitu ulichokuwa nacho.

Kingine ni kizito zaidi, wala hatupaswi kukijibu upesi: "Mimi ni maskini. Mtoto wangu yuko hospitalini, wananidai fedha za kupasuliwa. Bila bei kamili atakufa." Mbele ya maneno hayo kila moyo wa baba na wa mama hulia. Lakini tuulize kwa upole: mtoto atakayelala katika chumba kile juu ya shimo, je, si mtoto wa mtu? Haturuhusiwi kununua uzima wa mtoto wetu kwa uzima wa mtoto wa mwingine, hasa asipojua kwamba ameuzwa. Tena neno hili si la muuzaji peke yake. Ndugu, jirani na jumuiya ya Wakristo wakimwacha mtu peke yake na deni la hospitali, wamemsukuma kuelekea uongo. Nao watajibu mbele ya Mungu. Na mnunuzi ajuaye taabu ya muuzaji, akamgandamiza mpaka auze kwa nusu ya thamani, huyo naye ameiba. Haki ya bei yawafunga wote wawili.

Na yule aliyekwisha kuuza?

Labda msomaji mmoja, akifika hapa, moyo wake wapiga. Ameuza zamani, fedha zimekwisha, mnunuzi hajui bado. Afanye nini?

Kama kuna hatari ya uzima, aende leo amwambie, hata kwa aibu. Ukuta haungoji. Kama ni hasara ya mali tu, alazimika kurudisha kadiri awezavyo, pole pole kama hana: mifuko ya saruji, mabati machache, kazi ya mikono yake mwenyewe. Amshauri padri wake katika kitubio, lakini asidhani kwamba maondoleo yatampunguzia deni. Zakayo alipompokea Bwana Yezu nyumbani mwake, hakusema tu kwamba anatubu. Aliahidi kurudisha mara nne kwa aliyewanyang'anya. Siku ile ndipo wokovu uliposhuka katika nyumba ile.

Turudi sasa Katuba. Tuseme mtu wetu amemsikiliza mke wake. Fundi amekuja, amechimba pembeni mwa chumba cha tatu, ametikisa kichwa, amesema: "Mzee, chumba hiki kisilaliwe na mtu. Vile viwili vya mbele ni vizima." Wamekibomoa chumba, wameyaweka kando matofali mazuri, wameonyesha shimo pahali lilipo. Yule mama wa unga amekuja kutazama. Ameambiwa yote. Amenyamaza kidogo, amezunguka nyumba mara mbili, ameomba bei ipunguzwe, nayo imepunguzwa. Mtu wetu amepata fedha pungufu kuliko alivyotumaini, na jioni ile hakuwa na furaha nyingi, tuseme kweli.

Lakini Novemba mvua itakaponyesha usiku, kwa upepo na radi kama ilivyo desturi ya Katanga, mama yule atalala na watoto wake katika vyumba viwili visivyo na shimo chini yake. Na mtu wetu, popote alipohamia, atasikia mvua ile ile juu ya mabati, naye hataogopa habari ya asubuhi. Huo ndio moyo mweupe alioutafuta. Hakuupata kwa kutojua, ameupata kwa kutazama na kusema.